Apendaye Zumari, Je, Ampenda na Mpulizaji?

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo lililotupata safarini katika kisiwa cha Pemba, mahali paitwapo Mgogoni, upande wa kaskazini. Si habari ya kutusifu. Wala hatungaliiandika kama walimu wawili wa usharika hawangalituuliza swali lile lile tulilojiuliza wenyewe kwa miezi mingi. Basi tumeona afadhali kulijibu mbele ya wote kuliko kunong'onezana barazani. Swali ni hili: mtu akiwa safarini akasikia mpigaji au mwimbaji wa nchi ngeni, moyo wake ukashikwa, akamtafuta na kumwita rafiki, je, huo ni urafiki kweli? Au ni tamaa ya masikio tu, iliyovaa kanzu ya urafiki?

Tulifika Mgogoni mara ya kwanza mwaka juzi, wakati wa kuchuma karafuu. Tulivuka kwa meli kutoka Unguja, tukapanda gari la shamba, tukapokelewa na mwalimu mmoja wa skuli, mtu wa bara, mshirika mwenzetu, akaaye huko pamoja na mkewe. Wakristo wa Pemba ni wachache sana, na wengi wao ni watu waliopelekwa na kazi. Basi mchungaji akipita hukaa nao siku mbili tatu, husali nao nyumbani, kisha huenda zake. Aliyepata kufika Pemba katika msimu aijua harufu ile. Karafuu zimeanikwa juu ya majamvi mbele ya nyumba na kando ya barabara, na jioni watu wa nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, wamekaa wakichambua karafuu na vikonyo. Hata usiku mtu hulala na harufu hiyo puani.

Usiku wa pili tukasikia zumari. Palikuwa na arusi nyumba ya tatu kutoka kwa mwalimu. Kwa ajili ya wasomaji wa bara ambao hawajaiona, zumari ni chombo cha mti mfano wa filimbi, ncha yake ya chini imepanuka kama tarumbeta ndogo, na juu pana ulimi wa jani kavu ambao mpulizaji huutia wote kinywani, midomo yake ikiegemea kisahani kidogo. Sauti yake si laini. Aliyezoea kinanda cha kanisa aweza kusema kwamba ni kelele, nasi tulipokuwa chuoni tukifundishwa noti na sauti nne tuliambiwa hivyo hivyo, tukaamini. Lakini fundi wa zumari ana jambo moja la ajabu: hakatishi pumzi. Avuta hewa kwa pua, na wakati ule ule mashavu yake yaliyojaa kama mivukuto ya mhunzi yaendelea kuisukuma ile hewa iliyomo kinywani. Hivyo sauti yaweza kwenda robo saa bila kukoma. Tulisimama nje gizani tukasikiliza. Hatujui kueleza vema. Ilikuwa kama mtu aliaye na kucheka pamoja, wala hakosei hata mahali pamoja.

Asubuhi tukamwuliza mwalimu ni nani yule. Akatupeleka kwa mzee mmoja mwembamba, mwenye kofia ya viua, aliyekuwa akigeuza karafuu zake juani. Jina lake hatutaliandika, mwenyewe alituambia baadaye, "Jina langu liache hapa hapa Mgogoni." Tulimwamkia, akatukaribisha kitako, tukakaa hata adhuhuri. Alitueleza jinsi babake alivyomfundisha kupuliza kwa kumpa bua na kikombe cha maji: apulize mapovu ndani ya maji bila kukoma, na mapovu yakikoma, hapati chakula cha jioni. Alitueleza ngoma za kwao, na zaidi ya zote kibati, ambayo waimbaji wake hujibizana kwa maneno ya papo kwa papo huku ngoma zikienda mbio, na mwenye akili nzito huaibika mbele ya watu. Alitueleza pia, kwa sauti ya chini, kwamba wako wakubwa wa dini yake wasiopenda zumari, na kwamba kila mwaka mwezi wa Ramadhani huifunga katika kitambaa na kujiuliza kama Idi ikifika ataifungua. Tukacheka, tukamwambia kwamba hata kwetu wako wasiopenda ngoma. Tukaachana kwa furaha. Tuliporudi bara tukawaambia watu, "Tumepata rafiki Pemba."

Sasa twaja kwenye kosa letu.

Usiku ule wa arusi tulitoka nje na simu mkononi, tukasimama nyuma ya ua wa makuti, tukanasa sauti kwa muda wa dakika kama kumi. Hatukuomba ruhusa. Hatukuona kwamba yahitaji ruhusa. Tulijiona kama mtu anusaye karafuu zilizoanikwa njiani, ambaye hakumpunguzia mwenyewe kitu. Na kesho yake tulipokaa na mzee hatukumwambia. Si kwa hila. Ilitupita tu, au twajiambia kwamba ilitupita. Tulipofika nyumbani tukawapelekea rafiki watatu wa kwaya ile sauti, na kusema kweli tulijisifu kidogo kwamba tumevumbua fundi. Mmoja akampelekea mwingine. Kijana mmoja wa mjini, ambaye hatumjui hata leo, akaiweka chini ya picha zake za kuchekesha. Kabla ya mwezi kwisha ilikuwa imevuka bahari na kurudi Pemba katika simu za vijana wa Mgogoni.

Ndipo ikajulikana tulichokuwa tumenasa. Sisi tulisikia zumari peke yake, maana ndiyo tuliyoitaka. Lakini nyuma ya zumari mlikuwa na sauti za wanawake wa nyumba ile, wakiimba na kucheka na kutaniana kama wafanyavyo wakiwa wao kwa wao, na jina la bibi arusi likitajwa pamoja na mzaha usiokuwa wa masikio ya watu wa barabarani. Baba wa bibi arusi akaona haya. Akauliza ni nani aliyeiuza arusi yake. Na kwa kuwa mtu aliyeonekana akikaa na mgeni wa bara siku ya pili ni mwenye zumari, lawama ikamwangukia yeye. Arusi mbili zilizofuata hakuitwa. Kwa mtu ambaye zumari ni nusu ya riziki yake, na nusu nyingine ni mikarafuu michache ya urithi isiyozaa sawasawa kila mwaka, jambo hilo si dogo.

Mwalimu alitupigia simu akatupa habari. Tukasafiri tena. Njiani kote tulikuwa tukitengeneza maneno ya kujieleza, na maneno yote yalikuwa ya kweli, wala hapakuwa na hata moja lililofaa. Mzee aliitikia salamu, akatutilia kahawa, akanyamaza. Kisha akasema, "Padri, uliipenda zumari?"

Tukasema, "Ndiyo, mzee wangu."

"Na mimi ulinipenda?"

Tukakosa jibu. Akasema, "Mimi nilidhani umekuja kunijulia hali. Kumbe ulikuwa umekwisha kuchuma, ukaja kuutazama mti."

Tulimwomba radhi. Kisha tukafanya kosa la pili, maana tulitoa fedha. Akazitazama, hakuzigusa. Akasema, "Fedha ya arusi naichukua, ni haki yangu, nimepuliza. Hizi ni za nini? Ukitaka kulipa, nenda ukaseme kwa aliyeaibishwa." Tulitaka kwanza kumwona sheha, ili jambo liwe na shahidi; akakataa, akasema jambo la haya halipelekwi ofisini. Basi tukaenda sisi na yeye tu, kwa miguu, hata kwa baba wa bibi arusi, tukaungama mbele yake kwamba sisi ndio tulionasa, tena kwa siri, na mzee hakujua neno. Yule bwana alisikiliza hata mwisho. Akajibu, "Nimesikia." Hakusema kwamba amesamehe, nasi hatukuwa na haki ya kumwuliza. Lakini tulipotoka alimwambia mzee kwa jina lake, "Kwaheri," na mzee alituambia kwamba hilo lilikuwa halijatokea tangu miezi mitatu.

Wako watakaosema kwamba siku hizi iko sheria, na ni kweli. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 2003, na mwenye sauti yake aweza kudai. Ni jambo jema, nasi twawasihi waalimu wa kwaya waijue. Walakini sheria ya namna hiyo yamlinda mtu asiibiwe kazi yake; haimfundishi mgeni kuuliza, "Bwana, hali yako?" kabla ya kuuliza juu ya zumari.

Tulipokuwa tukirudi katika meli tulikumbuka habari ya Mfalme Sauli, na tangu siku hiyo twaisoma kwa namna nyingine. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16, twasoma jinsi Sauli alivyotulizwa roho kwa kinubi cha Daudi, hata akampenda sana na kumweka karibu naye. Sura mbili mbele, Daudi apiga kinubi kama desturi yake ya kila siku, na mkono wa Sauli u katika mkuki, naye autupa ili ampigilie mpigaji ukutani. Tulizoea kuhubiri kwamba Sauli aliacha kupenda, akaingiwa na husuda. Lakini haisemwi kwamba siku ile kinubi kilimchukiza. Yawezekana aliendelea kukipenda kinubi vile vile. Mtu aweza kuyapenda sana yatokayo mkononi mwa mwenzake, na mwenzake mwenyewe akawa kitu cha kutupiwa mkuki. Na wale waliowachukua Waisraeli mateka mpaka Babeli, ambao Zaburi ya 137 yawataja, nao walipenda muziki: waliwataka mateka wao wawaimbie nyimbo za kwao. Hakuna shaka kwamba walikuwa wasikilizaji wazuri.

Sisi hatukumtupia mzee mkuki. Lakini tulisimama nyuma ya ua.

Jambo hili halikuanza na sisi wala na simu. Ndugu zetu Weusi wa Marekani wana muziki wao wa huzuni uitwao bluzi, uliozaliwa kusini mwa nchi ile, katika mashamba ya pamba, miongoni mwa wana na wajukuu wa watumwa. Mtu mmoja na gitaa lake husimulia mzigo wa siku yake. Katika mwaka 1928 mkulima mmoja wa jimbo la Mississippi, Mississippi John Hurt, alichukuliwa mjini akaimba nyimbo chache zikatiwa katika sahani za santuri. Sahani hazikuuzwa sana, kisha ukaja ule mdororo mkubwa wa biashara, naye akarudi shambani akakaa huko miaka thelathini na mitano, mfanya kazi kama wengine. Wakati huo sahani zake zilikuwa mikononi mwa vijana wapenda muziki wa mbali, ambao hawakujua kama yu hai. Mmoja wao, Tom Hoskins, alisikia katika wimbo mmoja jina la kijiji, Avalon. Akakitafuta katika ramani, na mwaka 1963 akakifikia, akamkuta mzee mwenyewe. Wakampeleka mbele ya makutano makubwa, akashangiliwa kuliko alivyopata kushangiliwa katika ujana wake. Akafa mwaka 1966.

Twaisoma habari hiyo kwa furaha na kwa mashaka pamoja. Ni jema kwamba alitafutwa. Lakini tazameni mlango walioingilia: walimfikia mtu kwa njia ya wimbo wake, nao walikuwa wameupenda wimbo muda mrefu kabla ya kuonana na mwenye wimbo. Mtu apokelewaye hivyo hana nafasi ya kuwa mtu mwingine. Afika rafiki asiyemjua, naye tayari amekwisha kuamua ni nini kilicho bora ndani yake.

Na habari ya Son House ni nzito zaidi kwetu wahubiri. Huyu katika ujana wake alikuwa mhubiri wa Kibatisti, aliyeyachukia magitaa. Alipokuwa mtu mzima bluzi ikamshika, na tangu hapo akawa kama mtu mwenye mabwana wawili, leo mimbarani, kesho na gitaa, wala hakupata raha popote. Alitia sauti yake katika sahani mwaka 1930, kisha akahamia kaskazini, akafanya kazi ya reli, akaliacha gitaa kabisa. Mwezi wa Juni 1964 vijana watatu Wazungu walimkuta mjini Rochester. Alikuwa amesahau mengi. Basi kijana mwingine, Alan Wilson, aliyekuwa amejifunza nyimbo za mzee kutoka katika sahani za zamani, akakaa naye akamfundisha tena mzee nyimbo za mzee mwenyewe. Tumelifikiri sana jambo hili. Je, kijana alimrudishia mzee mali yake? Au alimrudishia mzigo ambao alikuwa amekwisha kuutua? Hatuthubutu kuamua kutoka mbali hivi. Lakini hili twaliona: kijana aliketi. Hakusimama nyuma ya ua. Aliketi goti kwa goti na mzee aliyesahau, akavumilia makosa ya vidole vyake, na wakati ule hapakuwa na kitu kizuri cha kunasa.

Karibu na kwetu, mwaka 1952 mtafuta muziki Hugh Tracey alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco na gitaa lake katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, nchi ya Kongo, akamnasa, na sauti ya kijana yule ikafika nchi nyingi. Na katika kisiwa cha Unguja, Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu vya kuuza, alipelekwa Bombay mwaka 1928 akatiwa sauti yake katika sahani, Kiswahili kikasikiwa pwani yote. Sahani zake ziliuzwa na wengi. Walakini Shaaban Robert alifanya jambo jingine: aliandika maisha yake, katika kitabu kilichotoka mwaka 1958, miaka minane baada ya kufa kwake, ili asomaye ajue alizaliwa na nani, aliuza nini, na alisemwa nini na watu kwa ajili ya sura yake na unyonge wake. Kati ya kuinunua sahani na kuuliza habari za mtu kuna safari ndefu.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya walimwengu tu, sisi hayatuhusu. Kila Pasaka twaimba wimbo wa Mchungaji Bernard Kyamanywa, alioutunga mwaka 1966 kwa tuni ya Kihaya, na sasa waimbwa na Walutheri wa nchi nyingi. Tena ziko nyimbo nyingine nyingi zilizokusanywa na mwalimu Howard Olson wa Makumira, kwa tuni za makabila yetu. Twamshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Wengi wetu tulikua katika siku ambazo wazee wa kanisa walidhani Mungu hasikii ila sauti za Kijerumani. Lakini nyuma ya tuni hizo wako watu: bibi aliyembembeleza mtoto, mzee aliyeimba wakati wa kulima. Ni nani aliyekwenda kukaa naye baada ya kuichukua tuni? Pengine walikwenda, nasi hatuwashitaki. Twawauliza tu walimu wa kwaya wa leo, waendao vijijini na simu zao.

Twarudi kwa maswali ya walimu wetu wawili. Wa kwanza ni mtu mkali, naye alituuliza kama yafaa mchungaji kukaa na mpiga ngoma za arusi. Kwake twajibu kwa ufupi. Elisha, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 3, alipokosa neno la kuwaambia wafalme watatu aliomba aletewe mpiga kinanda, na mkono wa Bwana ukaja juu yake wakati mpigaji alipopiga. Haisemwi ya kuwa nabii aliuliza kwanza kama mpigaji yule alipiga wapi usiku uliopita. Na huko Chicago, Thomas Dorsey, mpiga kinanda wa bluzi, ndiye aliyewatungia watu wake nyimbo za Injili baada ya kufiwa na mkewe na mtoto mchanga katika mwaka 1932. Makanisa mengi yalimfungia mlango mwanzoni kwa sababu ya mikono yake kuzoea bluzi, na baadaye yakaimba nyimbo zake mazikoni. (Twamwomba mwalimu wetu asikasirike. Yeye mwenyewe tumemwona akitikisa kichwa ngoma ikipita.)

Swali la pili ni gumu kuliko hilo, nalo liliulizwa kwa upole. "Mchungaji, ikiwa ni rafiki yako kweli, mbona hujamhubiri? Je, si kumpenda nusu?" Tulilala na swali hili siku nyingi. Ni kweli kwamba mtu hamfichi rafiki kilicho bora alicho nacho. Hatukumficha. Mzee ajua sisi ni nani, ametuona tukisali kabla ya kula, ametuuliza maswali, tumemjibu. Nasi tumemwuliza, naye ametujibu bila haya. Mama yetu alipougua, mzee alimwombea dua kwa jina, akatupigia simu mara tatu kuuliza, washarika wengine hawajauliza mara moja. Lakini tukimwendea kila mara tukiwa na hesabu ya nafsi moja ya kuandika katika kitabu cha usharika, tutakuwa tumesimama tena nyuma ya ua ule ule, tukingoja kitu kimoja kitoke kwake na kuyapuuza yaliyosalia. Mara ya kwanza tulitaka pumzi yake. Hatutaki mara ya pili kutaka roho yake kwa namna ile ile tuliyotaka pumzi. Mwalimu hakuridhika na jibu hili, nasi twakiri kwamba halijatimia. Twamwachia Mungu yaliyo yake, twaendelea kwenda.

Maana tumekwenda tena, mara ya tatu, mwaka huu baada ya masika. Tulikuta mambo mawili. La kwanza, mzee alikuwa amekwisha kuitwa tena kwenye arusi. Neno la baba yule lilikuwa limefanya kazi yake polepole. La pili, meno yake mawili ya mbele yaling'oka mwezi mmoja kabla ya sisi kufika, na la tatu lalegea. Mpulizaji asiye na meno ya mbele hawezi kuikaza midomo, na pumzi yatoka pembeni. Arusi aliyoitiwa, ilimbidi ampeleke mjukuu wake, mvulana wa miaka kumi na minne, ambaye bado hukata pumzi katikati. Watu wakavumilia kwa heshima ya babu.

Tunasema kweli: tulipoliona pengo lile kinywani mwake, neno la kwanza lililotujia moyoni lilikuwa, "Hatutaisikia tena." Tukajua tungali na ugonjwa ule ule. Kisha tukakaa.

Tulikaa siku nne. Zumari ilikuwa imefungwa katika kitambaa, imetundikwa juu ya mlango, wala hatukuomba ishushwe. Tulichambua naye vikonyo vilivyosalia, ingawa vidole vyetu ni vizito, na wajukuu wakatucheka. Alitusimulia habari za mkewe aliyekufa, ambazo katika safari mbili za kwanza hatukupata kuuliza hata kama alipata kuwa na mke. Alitaka kujua bei ya mahindi bara, na kama ni kweli kwamba huko Usambara kuna baridi ya kumfanya mtu avae makoti mawili. Tuliongea juu ya meno pia. Ziko hospitali Chake Chake na Wete, na tuliahidi kwenda naye. Akasema kwamba ataona, maana aogopa koleo kuliko mauti. Siku ya tatu jioni mjukuu alikaa uani na bua na kikombe cha maji akipuliza mapovu, na mzee alikuwa akisikiliza huku mgongo wake ukimwelekea, akisema, "Umekata," kila mapovu yalipokoma, bila kugeuka.

Asubuhi ya kuondoka alitusindikiza hata barabarani, akatupa karafuu kidogo katika karatasi kwa ajili ya mama yetu. Gari lilipokuja alituuliza tutarudi lini. Tukasema, Mungu akipenda, wakati wa kuchuma, na kwamba safari hiyo tutakuja na koti moja la Usambara alijaribu. Akasema lije kubwa, maana na mjukuu atalitaka.